Msemaji Wetu na Kofia ya Serikali

Kosa langu la kwanza nililiandika kwa mwandiko mzuri. Hilo ndilo linaloniuma hata leo. Herufi zilinyooka, wino haukuchuruzika, na jina la mtu lilikaa juu ya mstari kama lilivyotakiwa. Chini ya jina niliandika neno moja: Mkubwa. Nikapuliza wino ukauke, nikampa Bwana wa serikali karatasi yake, nikajisifu moyoni kwamba sikuharibu hata ukurasa mmoja. Lakini niliyemwandika hakuwa mkubwa wetu. Alikuwa msemaji wetu tu.

Mtu aliyekulia pande zetu, kwenye ukingo wa Tana chini kidogo ya Garsen, anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Wazee wa gasa, ndiyo baraza letu, huketi nusu duara. Mkubwa wao huketi nyuma kabisa, na mbele ya wageni hafungui kinywa. Wazee hunong'onezana mpaka wapatane, kisha neno lao hupewa mtu mmoja waliyemchagua wenyewe. Huyo husimama, hushika fimbo nyembamba ya mkoma, akalisema. Haongezi, hapunguzi. Mgeni humwona aliyesimama, akawasahau waliokaa.

Mimi sikuwa mgeni. Bwana alipofika kwetu mara ya kwanza, miaka michache baada ya vita vya Witu, akiwa na askari sita na meza ya kukunja, aliuliza mkubwa wa hapa ni nani. Swali liliulizwa mbele ya gasa, kwa hiyo aliyejibu ni msemaji. Alisimama akasema kwamba sisi tumemsikia mgeni, sisi tunamkaribisha, sisi tutamjibu tukishashauriana. Bwana akanigeukia mimi, kijana wa kijijini aliyenifanya karani wake, niliyekaa mezani na kalamu, akaniuliza kwa Kiswahili cha pwani.

"Ni huyu?"

Nikamtazama mkubwa wetu wa kweli. Alikuwa anasinzia, kidevu kifuani, nzi anamtembea kwenye paji la uso. Niliona aibu kumnyooshea kidole. Niliona Bwana atacheka, na atafikiri sijui ninachokisema. Nami nilikuwa nimejifunza kuandika peke yangu, kwa kunakili herufi za juu ya magunia na kuzichora kwenye mchanga wa mto, bila mwalimu wa kuniambia nimepata au nimekosa. Mtu wa namna hiyo huogopa kuchekwa kuliko mamba. Nikasema ndiyo, ni huyu.

Bwana akatoa sandukuni kofia nyekundu yenye kishada cheusi, akamvika. Mkutano mzima ulishtuka. Nilisikia pumzi za watu zikiingia ndani kwa pamoja. Tukamtazama msemaji, maana kazi yake ilikuwa kusema kwamba sisi tunasema kuna kosa hapa. Alikohoa kidogo. Akanyamaza.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo inayonisumbua, lakini ukitaka kumjua mtu huyu lazima umjue alivyokuwa kabla ya kofia.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa safi, kama maji yaliyoachwa mtungini mpaka tope likashuka. Siku ya gasa hakula mahindi ya kuchoma, kwa sababu alisema punje moja ikikwama kooni inaweza kupotosha neno la wazee kumi na wawili. Alikunywa maji ya uvuguvugu yenye asali, kisha alizunguka nyuma ya nyumba yake akirudia alichotumwa kusema, mpaka mkewe, aliyekuwa na ulimi mkali, akamjibu kutoka jikoni kwa niaba ya upande wa pili. Watu walisema mashauri mengi ya kijiji yalishindwa na mwanamke yule kabla hayajafika barazani.

Neno "mimi" hakulitumia. Gasani alisema "sisi," na desturi ikamfuata mpaka nyumbani. Alirudi shambani, akakaa, akasema, "Sisi tuna njaa."

"Nyinyi wangapi?" mkewe aliuliza. "Niambie nijue nipike chungu kipi."

Tulicheka sana kwa hilo. Sasa nikilikumbuka sicheki.

Kuna siku ng'ombe wa Waorma waliokuwa wakilisha upande wa Minjila walishuka kwenda kunywa maji, wakapita katikati ya migomba yetu. Wazee walikasirika. Walimtuma msemaji amwambie mwenye ng'ombe kwamba mifugo yake haina adabu, na haikuokota tabia hiyo njiani, imeirithi nyumbani. Msemaji alikwenda, akasimama mbele ya yule mchungaji mrefu mwenye mkuki, akalisema neno lote kama alivyopewa, kwa sauti ileile ya mtungi. Mimi nilikuwa karibu, na miguu yangu ilikwisha kuchagua njia ya kukimbilia. Alipomaliza aliilaza fimbo chini.

"Hayo yalikuwa ya wazee," akasema. "Sasa tusalimiane. Watoto hawajambo?"

Yule Mworma aliuegemeza mkuki begani, akajibu kwamba watoto hawajambo, ila mmoja ana homa. Wakaketi. Wakazungumza juu ya homa hadi jua likageuka, na kabla ya kuondoka yule mtu aliahidi kuwapitisha ng'ombe njia ya zamani.

Hiyo ndiyo sheria ya fimbo, na ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Fimbo ikiwa mkononi, msemaji hana lake. Ikiwa chini, anaweza kuuliza habari za watoto, mvua na homa, lakini juu ya jambo lililo mbele ya gasa hana ruhusa ya kutoa maoni yake. Akiyatoa ananyang'anywa fimbo, na hairudishwi. Kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kujua yeye mwenyewe anaonaje.

Alikuwa na kichekesho kingine. Mtu wa mto, mtoto wa mto, lakini aliogopa mtumbwi. Alikaa katikati, akashika kingo zote mbili, akafumba macho mpaka ng'ambo. Wapiga kasia walimtania kwamba akifumba macho mamba naye hamwoni. Kabla ya kofia alivuka labda mara mbili kwa msimu. Baada ya kofia ilimbidi kuteremka mpaka boma la pwani kila mwezi, siku mbili kwenda na tatu kurudi, macho yamefumbwa, kofia imefungwa kwa kitambaa isilowe. Mimi nilikwenda naye kama karani. Nilidhani anateseka, na nilidhani mateso hayo ni ya kalamu yangu. Usiku sikulala kwa sababu hiyo, na mchana niliandika barua zake mara tatu tatu ili angalau hizo zisiwe na kosa.

Ni kweli pia kwamba asubuhi moja, tulipopumzika njiani, nilimwona ameinama ukingoni akijitazama majini. Aliivaa kofia, akaivua, akaivaa upande. Akatabasamu. Nilishtuka nikarudi nyuma ya kichaka, kama niliyemfumania mtu anaoga. Sikujua niweke wapi nilichokiona, kwa hiyo sikukiweka popote.

Wazee, kwa upande wao, hawakukasirika kama nilivyotarajia. Walishauriana siku mbili, kisha wakasema ni jambo jema. Tulimchagua atusemee, na sasa serikali imemchukua mtu huyohuyo imweke ndani ya kazi zake. Basi tuna mtu wetu ndani ya nyumba. Abaki na fimbo na ashike kofia. Mkubwa wetu wa kweli, yule wa nyuma, aliuliza swali moja tu, bila kufungua macho: akija na neno la serikali, nani atampa jibu letu alipeleke? Wakamwambia ni yeye yuleyule. Mzee akasema "haya," akaendelea kusinzia.

Ndivyo tulivyoanza kuona ambalo hatukuwahi kuliona. Msemaji alisimama mbele ya gasa na kofia kichwani, akasema kwamba serikali inataka njia ya ukingoni ifyekwe. Kisha akaivua kofia, akaiweka kwenye kigoda, akainama kwa wazee, akapokea neno lao, akashika fimbo, akakigeukia kigoda kile chenye kofia. Akakiambia kwamba sisi tumesikia, ila miiba ni mingi na panga ni chache. Kisha akavaa kofia tena, akajibu. Sauti ilikuwa ileile, haikuegemea popote. Mara ya kwanza watu walishangaa, mara ya pili walicheka, na mara ya tatu watoto walikuwa wakicheza mchezo huo uwanjani kwa kifuu cha nazi. Yeye hakucheka. Alikuwa na jasho mgongoni kama aliyebishana na watu wawili, na kila mmoja ni ndugu yake.

Kwa misimu miwili mchezo ule ulitufaa. Njia ilifyekwa, na panga zaidi zililetwa. Halafu likaja suala la mfereji.

Kuna mfereji unaounganisha mto wetu na mto wa Ozi, na mwaka ule ulikuwa umezibwa na tope na magugu. Bwana alitaka watu arobaini kutoka kwetu wakauzibue, na aliwataka mara moja. Lakini mafuriko yalikuwa yameanza kushuka. Maji yakishuka, mabonde yetu hubaki na tope laini kwa siku ishirini hivi, na mpunga hupandwa katika siku hizo. Asiyepanda hapandi tena mpaka mto upende. Watu arobaini ndio waliokuwa mikono yetu yote yenye nguvu. Kuwatoa ni kuchagua njaa.

Gasa ilikaa, ikatoa neno: haendi mtu hata mmoja mpaka mpunga uwe chini. Msemaji alilichukua, tukateremka nalo pwani. Alisimama mbele ya meza ya Bwana, akataka kuvua kofia ili alitoe neno la wazee kama alivyozoea. Bwana akamzuia kwa mkono. Akamwuliza anafanya nini. Msemaji akaeleza. Bwana hakupandisha sauti. Alisema kwamba hakumvika kofia mtu wa kuleta malalamiko, alimvika mtu wa kutimiza kazi. Kama hawezi kuleta watu arobaini, askari watawaleta, na wao hawatachagua siku wala nyumba. Akaongeza kwamba ofisini mwake kofia haivuliwi.

Safari ya kurudi, msemaji hakufumba macho. Alitazama maji siku zote tatu. Mimi ndiye niliyeshindwa kutazama.

Siku tuliyofika gasa ilikuwa imekaa tayari. Nilijua itakavyokuwa: atasema kwa kofia, atajibiwa kwa fimbo, na baada ya hapo askari watakuja. Lakini alisimama, akavua kofia, akaiweka chini. Akaiweka fimbo karibu na kofia. Akabaki na mikono mitupu.

"Haya hakunituma mtu," akasema. "Mimi naona waende kumi. Kumi kwa siku tano, warudi, waende kumi wengine. Thelathini wabaki wapande. Kumi wa kwanza watoke kwangu na kwa ndugu zangu. Mimi nitakwenda nao, nitamwambia Bwana kwamba arobaini wanakuja."

Wazee walitazamana. Haikuwa hoja iliyowashtua, hoja ilikuwa nzuri. Lilikuwa lile neno, mimi. Mtu tuliyemjua miaka yote kama mlango, ghafla mlango umesema. Mzee mmoja alisimama akakaa tena. Mwingine akaanza kulia, mzee mzima, kwa hasira au kwa hofu sijui. Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanawake, alijishika kichwa.

Mkubwa wa nyuma alifungua macho. Akamwita kijana mmoja, akamwonyesha fimbo kwa kidevu. Kijana akaiokota, akaipeleka nyuma. Hakuna aliyetukana. Mkubwa akasema kwa sauti yake ya vumbi kwamba shauri ni jema na litafuatwa, na kwamba aliyelitoa si msemaji wetu tena.

Mambo yote mawili yaliamuliwa siku moja. Watu walikwenda kumi kumi, mfereji ukazibuliwa taratibu, Bwana akanung'unika lakini askari hawakuja, na mpunga ukapandwa. Mwaka ule tulikula. Na yule aliyetulisha hakupewa tena nafasi kwenye nusu duara.

Kofia ilibaki naye muda mfupi tu. Aliita watu kwa kazi, hawakuja. Hawakumkatalia, walisema wanangoja neno la gasa, na gasa haikuwa na la kumwambia. Bwana alipogundua hivyo alishangaa kwa dhati. Nilikuwepo. Aliniuliza mtu huyu ana faida gani kwa serikali ikiwa watu wake hawamtumi. Nilitaka kumwambia kwamba ulimchukua kwa sababu watu walimtuma, na umemfanya asiweze kutumwa. Nilikuwa nayo sentensi nzima kichwani, imenyooka. Sikuisema. Niliandika barua ya kumvua kofia, mara tatu, na nakala ya tatu haikuwa na doa.

Baada ya hapo nilimkwepa. Nikimwona njiani nilikata kwenye migomba. Kijiji chenyewe si kikubwa, kwa hiyo ilihitaji juhudi. Kila jioni nilijipangia maneno ya kuungama, na kila asubuhi niliyaona yana kasoro.

Msimu uliopita Bwana mpya alinituma nitafute mtu mwingine wa kuvaa kofia. Nilijua siwezi kuanza kazi hiyo kabla ya kumaliza ile ya kwanza. Nikaenda shambani kwake wakati mpunga unageuka rangi. Alikuwa juu ya dungu, anafukuza ndege kwa madonge ya tope na kombeo.

"Hodi, ami," nikasema.

"Panda. Ila ngazi ya tatu imeoza. Ya tatu, karani, usije ukafa hapa wakasema nami nimekuua."

Nikapanda, nikaruka ya tatu, nikakaa. Nikamwambia yote: jina, neno mkubwa, nzi kwenye paji la uso, aibu yangu. Nilimwambia kwamba kofia ile ilimjia kwa kosa langu, na fimbo ilimtoka kwa kosa langu. Alisikiliza huku akirusha tope.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ulifanya mazoezi?"

"Siku tatu."

"Nimeona. Limenyooka mno." Akachukua donge jingine, hakulirusha. "Kiswahili cha pwani nilikijua kabla mama yako hajaolewa. Bwana alipokuuliza kama ni huyu, nilisikia. Ulipojibu, nilisikia. Fimbo ilikuwa mkononi mwangu, na neno la kukusahihisha lilikuwa fupi."

Nikamwuliza mbona hakulisema.

"Niliitaka kofia," akasema.

Ndege walishuka kwenye mpunga na hakuna kati yetu aliyewafukuza. Akaendelea polepole, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya ugonjwa. Alisema miaka ishirini alibeba maneno ya wengine, mazuri na ya kipumbavu, kwa sauti moja. Alipoiona kofia alidhani aliyeivaa husema lake. Akaivaa, akakuta na hiyo ni fimbo, tofauti yake ni kwamba hakuwajua wazee walioishika upande wa pili.

"Langu nilisema siku moja tu," akasema. "Mpunga ulipandwa?"

"Ulipandwa, ami."

"Basi usilibebe peke yako. Nusu ni yangu, na nusu yangu ndiyo kubwa."

Nitasema ukweli, maana nimeandika ukurasa huu mara nne na kila mara nimeuficha. Sikufarijika. Nilikasirika. Miaka yote ile niliitunza hatia yangu, nikaisugua ikang'aa, na sasa mwenyewe ananiambia haikuwa yangu yote. Nilipoanza kushuka aliniuliza nimetumwa nini kijijini. Nikamwambia natafuta mtu wa kofia, nikamwuliza anamwona nani anafaa. Alicheka kwa mara ya kwanza.

"Mimi ninaye," akasema, "lakini usiniulize mimi. Nenda kawaulize waliokaa nyuma."

Nikaenda nikawauliza, na walichukua siku nne. Tangu hapo fimbo na kofia hazishikwi na mtu mmoja kijijini kwetu. Mwenye kofia husimama upande mmoja na mwenye fimbo upande wa pili, wakaulizana mbele yetu sote. Na mimi siandiki jina la mtu aliyesimama kabla sijaketi na waliomtuma.